Nyimbo za Katoro na Faili Zisizoombwa

Msafiri atokaye Geita mjini na kushika njia iendayo Chato na Biharamulo hana budi kupita Katoro, mji wa biashara ulionawiri kwa neema ya dhahabu iliyomo katika ardhi inayouzunguka, na akishuka garini, kabla macho yake hayajazoea wingi wa maduka na pikipiki, masikio yatakuwa yamekwisha kupokewa na muziki. Hapa singeli, pale kwaya ya Injili, na mbele kidogo sauti ya manju wa Kisukuma, zote zikitoka katika sabufa za vibanda ambamo vijana huketi mbele ya kompyuta wakiwaingizia wateja nyimbo katika memori kadi na flashi. Mchimbaji anayekwenda kukaa siku nyingi kwenye maduara ya Nyarugusu au Rwamagasa hubeba redio ndogo ya kuchomeka kadi. Dereva wa bodaboda hufunga yake karibu na usukani. Mama ntilie huweka yake juu ya rafu, mbali na moshi. Kwa watu hawa kadi ile ndogo ndiyo maktaba yao ya muziki, na mara nyingi hawana nyingine.

Aghalabu hurudi kibandani na malalamiko. Mmoja husema kwamba redio yake inahesabu nyimbo mia mbili ilhali aliingiziwa mia moja tu, na kila wimbo ukiisha redio hunyamaza kitambo kabla ya kuendelea. Mwingine, mama aliyewapiga picha wanawe siku ya Kipaimara, hufungua simu na kukuta picha za watoto zimechanganyika na nyuso za waimbaji asiowajua. “Mwanangu, hizi picha umeniwekea wewe?” huuliza, na kijana, ambaye kwa hakika hakuziweka, hujibu, “Hapana mama, labda kadi imeingia kirusi.” Kisha huifomati kadi nzima na kuanza upya, na faili zile zile zikarudi, kwa kuwa chimbuko lake halikuwa katika kadi ya mama, bali katika kompyuta iliyo mbele ya kijana mwenyewe. Jambo hili lina maelezo yake, nayo si magumu. Na kwa kuwa linawapotezea watu wakati, bando na wakati mwingine picha za watoto wao, lastahili kuelezwa kwa tafsili.

Mtu akitaka kulishuhudia kwa macho, aiamuru kompyuta yake ya Windows imwonyeshe yaliyofichwa. Afungue File Explorer, aingie Options, kisha ukurasa wa View, achague kuonyeshwa faili zilizofichwa, na aondoe pia alama ya kuzificha faili za mfumo wenyewe. Folda ambayo hapo kwanza ilionyesha nyimbo kumi tu, sasa itaonyesha na vitu vingine vyenye rangi iliyofifia: Folder.jpg, AlbumArtSmall.jpg, desktop.ini, na picha mbili zenye majina marefu yaanzayo kwa AlbumArt, yakafuatwa na mabano yenye herufi na tarakimu 32 zisizosomeka kwa maana yoyote, na kuishia moja kwa Large na nyingine kwa Small. Picha kubwa huwa na nukta 200 kwa 200, ndogo nukta 75 kwa 75. Na mwenye subira ya kuzilinganisha ataona kwamba Folder.jpg kwa kawaida ni nakala ya ile kubwa, na AlbumArtSmall.jpg ni nakala ya ile ndogo. Basi albamu moja imepata faili tano ambazo mwenye nyimbo hakuziomba, na mbili kati ya hizo ni marudio matupu.

Mwandishi wa faili hizi ni Windows Media Player, programu ya kuchezea muziki ambayo kampuni ya Microsoft imeifungamanisha na Windows kwa miaka mingi. Windows XP ilipotoka mwaka 2001, folda ya muziki ilitengenezwa ipate kuonyesha uso wa albamu yenyewe mahali pa ile alama ya kawaida ya folda, na ili uso huo upatikane ilihitajika picha iwekwe ndani ya folda kwa jina linalojulikana, yaani Folder.jpg. Programu huitafuta picha hiyo katika intaneti au huitoa ndani ya wimbo wenyewe, huiandika katika folda, kisha huipa sifa mbili, ya kufichwa na ya kuwa faili ya mfumo, mwenye kompyuta asipate kuiona. Nia ilikuwa njema, na katika nyumba ya mtu mwenye santuri zake halali mia moja, kila moja na folda yake, matokeo yalipendeza.

Wala haikuwa lazima picha ikae nje ya wimbo. Watafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani walichagua jina la .mp3 mwezi Julai mwaka 1995, na faili za awali hazikuwa na mahali maalumu pa kuandika jina la mwimbaji. Mwaka 1996 Eric Kemp alibuni utaratibu uitwao ID3, ambao katika sura yake ya kwanza ulikuwa baiti 128 tu zilizobandikwa mwishoni mwa wimbo: nafasi 30 za jina la wimbo, 30 za mwimbaji, 30 za albamu, nne za mwaka, na zilizobaki kwa maelezo mafupi na aina ya muziki. Miaka miwili baadaye likaja toleo la pili, lililokaa mwanzoni mwa faili na lililo pana kiasi cha kubeba hata picha ya jalada. Tangu wakati huo wimbo mmoja umeweza kuchukua ndani yake kila kitu kinachouhusu, ukasafiri nacho kutoka kompyuta hadi simu hadi redio, pasipo kuhitaji faili yoyote ya pembeni.

Lakini dhana iliyojengwa ndani ya programu ile, kwamba folda moja ni albamu moja ya mwimbaji mmoja, haiafiki maisha ya Katoro hata kidogo. Folda ya hapa ni mchanganyiko. Mteja husema, “Niwekee kaka mchanganyiko wa mia tatu, za zamani na za sasa,” na ndani ya folda moja hukutana kwaya ya Mwanza, taarabu ya Unguja, rumba ya Kinshasa na manju wa Shinyanga. Programu ikizipitia nyimbo hizo na kuona zimetoka katika albamu mia mbili mbalimbali, huweza kuandika picha mbili kwa kila albamu inayoitambua, zote katika folda ile ile. Na kwa kuwa Folder.jpg ni moja tu, picha ya albamu iliyoshughulikiwa mwisho huwa ndiyo uso wa folda nzima. Ndiyo sababu simu inayoisoma folda hiyo huenda ikaonyesha, wakati kwaya inaimba zaburi, sura ya msanii wa klabu aliyevaa miwani ya giza. Waumini huudhika, nao wana haki ya kuudhika.

Hapo ndipo picha zinapoingia pia katika albamu ya picha za mama. Sifa ya kufichwa ambayo Windows huipa faili ni makubaliano ya Windows na jamaa zake. Simu ya Android haiyajali makubaliano hayo, kwa sababu kwake faili iliyofichwa ni ile ambayo jina lake limeanza kwa nukta, au iliyo katika folda yenye faili tupu iitwayo .nomedia. Kadi ikiingizwa katika simu, mashine ya kuorodhesha hupita kila folda na kukusanya kila picha iliyo wazi mbele yake, pamoja na zile za AlbumArt. Wapo wanaoshauri kuweka .nomedia katika folda ya muziki ili picha zipotee. Ushauri huo una hatari: .nomedia huzificha picha na nyimbo pamoja, na mteja atakayefungua simu yake ataona muziki wake wote umetoweka.

Lipo jambo zito kuliko picha. Windows Media Player haikukusudiwa kuleta majalada tu, bali pia kusahihisha majina ya nyimbo kwa kuyalinganisha na orodha iliyo katika intaneti, na katika mipangilio yake upo uchaguzi wa kujaza yaliyokosekana tu au kufuta yaliyopo na kuandika mapya juu yake. Kwa wimbo uliouzwa duniani kote, orodha ile huenda ikawa sahihi. Kwa wimbo wa wigashe uliorekodiwa katika studio ndogo ya Kahama, ambao haukuorodheshwa popote, programu haina cha kulinganisha, na ikibahatika kuona jina linaloshabihiana, yaweza kuubandika wimbo kwa mtu asiyehusika nao. Katika nchi ya Usukuma, ambako vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimeshindana kwa nyimbo vizazi kwa vizazi, na ambako Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora karibu na Mwanza yanahifadhi ala na kumbukumbu za mashindano hayo, jina la manju ni sehemu ya wimbo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo inamtambua mtunzi kuwa na haki ya kutajwa kwa kazi yake, na haki hiyo haipungui kwa sababu aliyelifuta jina ni mashine. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa kubwa la programu za namna hii: zinaandika katika mali ya mtu bila idhini yake, kama mpangaji anayepigilia misumari ukutani pasipo kumwuliza mwenye nyumba.

Kuhusu nafasi inayoliwa, insafu yataka nisizidishe. Kadi nyingi hugawa nafasi yake katika vipande vya kilobaiti 16 au 32, na faili yenye baiti mia mbili tu huchukua kipande kizima. Hata hivyo picha mia nne katika vipande vya kilobaiti 32 ni takriban megabaiti 13, yaani nyimbo tatu za dakika nne kila moja. Katika kadi ya gigabaiti 32 hiyo si hasara ya kumnyima mtu usingizi.

Hali ni nyingine katika kadi kuukuu za gigabaiti mbili na chini ya hapo, ambazo bado zimo katika simu za vitufe za wazee wetu. Kadi hizo kwa kawaida hutumia utaratibu wa FAT16, ambao katika ukurasa wake wa kwanza, nje ya folda yoyote, una mistari 512 tu ya kuandikia majina. Jina fupi huchukua mstari mmoja. Jina refu hukatwa vipande vya herufi 13, na kila kipande kikachukua mstari wake. Jina la picha ya AlbumArt iliyo kubwa lina herufi 57, hivyo linakula mistari mitano pamoja na mmoja wa jina fupi, jumla sita. Picha 85 za namna hiyo zikimwagwa katika ukurasa wa kwanza, mistari imekwisha, na kadi itakataa kupokea wimbo mwingine ijapokuwa nusu yake ni tupu. Mzee huambiwa kadi yake imeharibika, akanunua nyingine, kumbe ilihitaji kusafishwa tu, au nyimbo kuwekwa ndani ya folda.

Na redio inayohesabu nyimbo mara mbili? Hiyo aghalabu haikudhuriwa na Windows. Kompyuta za Apple, ambazo hapa kwetu hukutwa zaidi studioni, zinaponakili wimbo katika kadi huandika kando yake faili ya pili yenye jina lile lile lililotanguliwa na nukta na kistari cha chini, kuhifadhia maelezo ambayo utaratibu wa kadi hauna mahali pa kuyaweka. Kwa kuwa jina la faili hiyo nalo huishia kwa .mp3, redio ya bei nafuu, isiyokagua kilichomo, huichukulia kuwa wimbo, huijaribu, haioni sauti, kisha husonga mbele. Nyimbo mia zikawa mia mbili, na ukimya ukaingia kati yake. Kompyuta hizo huacha pia faili ya .DS_Store katika kila folda iliyofunguliwa.

Nawasihi vijana wa vibandani wasiite kila kisichofahamika kirusi. Faili za AlbumArt ni picha tu. Desktop.ini ni maandishi machache ya kuielekeza Windows namna ya kuionyesha folda, na iliyo katika folda ya Music ya kompyuta yenyewe iachwe ilipo. Thumbs.db ni akiba ya vipicha vidogo iliyoandikwa na Windows za zamani. Tangu Windows Vista akiba hiyo ilihamishiwa mahali pamoja ndani ya kompyuta. Cha kutiliwa shaka katika flashi ya muziki ni autorun.inf, hususan ikiwa na programu usiyoijua kando yake, na zile shotikati ambazo hujitokeza mahali pa folda zako. Hizo ndizo njia ambazo virusi vimezipitia miaka mingi, na ndizo za kuchunguzwa kwa dawa ya virusi kabla ya kuguswa.

Sasa dawa. Katika Windows Media Player ya toleo la 12, lililokuja na Windows 7 mwaka 2009 na ambalo bado limo katika kompyuta nyingi za vibandani, bonyeza Organize, kisha Options. Katika ukurasa wa Library ondoa alama inayoiruhusu programu kutafuta habari za ziada katika intaneti, na hapo hapo uhakikishe kwamba alama za kubadili majina ya faili na kupanga upya folda hazikuwekwa. Nenda ukurasa wa Privacy, uondoe alama ya kusasisha faili za muziki kwa habari za intaneti. Katika ukurasa wa Player ondoa alama ya kuingiza kila wimbo uliochezwa katika orodha ya programu. Mwisho, katika sehemu ya kusimamia maktaba, ziondoe folda za biashara katika orodha ya zile inazozifuatilia. Nyimbo hazitafutwa kwa kufanya hivyo. Hatua hii ya mwisho isipuuzwe, kwani programu yaweza kuitoa picha iliyomo ndani ya wimbo na kuiandika nje hata pasipo intaneti, maadamu wimbo umo katika maktaba yake.

Kuzisafisha zilizokwisha andikwa kunahitaji amri chache. Kadi ikiwa imesomeka kwa herufi E, fungua dirisha la amri, andika E: na ubonyeze Enter, kisha andika del /s /a AlbumArt*.jpg na ubonyeze tena. Amri hiyo hushuka katika folda zote za kadi na kufuta kila picha yenye jina hilo, iliyofichwa na isiyofichwa. Irudie kwa Folder.jpg, isipokuwa kama picha hiyo uliiweka mwenyewe. Na kwa takataka za Apple andika del /s /a ._* vivyo hivyo. Soma herufi ya kadi mara mbili kabla ya kubonyeza, kwa maana amri hii haiulizi wala haipeleki kitu kwenye kapu la taka.

Iko njia nyepesi zaidi, nayo ni kutozinakili tangu mwanzo. Ukiinakili folda nzima, yaliyofichwa husafiri nayo. Lakini ukificha tena faili za mfumo, ukaingia ndani ya folda, ukachagua nyimbo unazoziona na kuzinakili hizo peke yake, picha zilizofichwa hubaki nyuma. Anayenakili maelfu kwa siku atafaidika na amri ya robocopy D:\Muziki E:\Muziki *.mp3 /s, ambayo huchukua nyimbo na folda zake tu na kuacha kila kisichokuwa mp3.

Bora kuliko yote ni kuchezesha muziki wa kibandani kwa programu yenye adabu. VLC, iliyoanza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris na kutolewa kwa leseni huria mwaka 2001, huhifadhi majalada inayoyapata katika folda yake mwenyewe ndani ya akaunti ya mtumiaji, mbali na nyimbo, na inapofunguliwa mara ya kwanza humwuliza mtu kama anaikubalia kutafuta habari katika mtandao. Foobar2000, iliyotoka mwaka 2002, nayo haina tabia ya kumwaga picha katika folda za watu. Zote mbili ni za bure na ni nyepesi hata kwa kompyuta iliyochoka. Jalada likipendwa, libandikwe ndani ya wimbo kwa programu ya kuandikia ID3 kama Mp3tag, pamoja na jina la mwimbaji lililosahihishwa kwa mkono na mtu anayemjua.

Basi nawaomba wenye vibanda wa Katoro, na wenzao wa Buseresere, Geita na Kahama: chukueni robo saa asubuhi moja kabla wateja hawajafika, mziondoe alama hizo katika mipangilio, mzisafishe folda zenu za asili ambazo ndizo mama wa kadi zote mnazozijaza, na mteja atakaporudi akilalamika, fungueni kadi yake na kuonyesha yaliyofichwa kabla ya kuifomati, maana huenda ndani yake zimo picha ambazo hana nakala yake mahali pengine popote.